Jina Aliloombewa Tukiran

Nyumbani kwetu kuna watu wawili ambao tangu nipate akili sijawahi kuwasikia wakisemeshana bila mimi kuwa katikati. Mama mdogo wangu, Saurma, akishaepua wali ananiambia, "Lasma, mwambie mjomba wako chakula tayari." Na huyo mjomba amekaa pale pale, mgongo ukutani, ananoa patasi yake. Kabla sijafungua kinywa naye anasema, "Lasma, mwambie mama yako mdogo nimesikia." Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo. Nilikuwa nageuza ujumbe makusudi: "Mjomba, Mamdogo anasema umenenepa kama nguruwe wa Krismasi." Mjomba Tukiran alikuwa anacheka mpaka anaweka patasi chini. Mamdogo hakucheka. Aligeukia moto.

Huku kwetu kaka na dada wakishakuwa watu wazima wanaheshimiana. Hawataniani, hawakai wawili chumbani. Hilo linajulikana. Lakini wao walizidisha, na mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nimemuuliza Mama Roida jirani yetu. Nimemuuliza mama yangu kwa simu, kule Batam anakofanya kazi kiwandani. Nimemuuliza Mamdogo mwenyewe tukiwa shambani tunachuma kahawa, mahali ambapo hawezi kunikimbia. Kwa hiyo haya nimeyaokota kidogo kidogo, isipokuwa ya Krismasi hii iliyopita. Hayo niliyaona kwa macho yangu.

Tukiran si mtu wa kabila letu. Ni Mjawa, mzaliwa wa mashamba ya mpira kule bondeni. Alipanda huku kwenye baridi pamoja na mafundi wa paa, wakati kanisa letu lilikuwa linavuja hadi mchungaji anahubiri chini ya mwavuli. Wenzake walipomaliza kazi wakaondoka. Yeye homa ilikuwa imemlaza. Babu, mzee Mangatas Nababan, akamtia katika chumba cha kuwekea kahawa, na Bibi, ambaye alikuwa hai bado, akamnywesha mchuzi wa kuku mpaka akaweza kukaa. Alipopata nguvu akaanza kulipa wema: akatengeneza mlango, akatengeneza banda, akajenga ngazi mpya ya nyumba. Kila jioni kwaya ikifanya mazoezi alikuwa anakaa nje, chini ya dirisha la kanisa. Mamdogo ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo.

Bibi yake Tukiran kule bondeni alikuwa amemfundisha sala za kwao, na hata leo akimtaja anashusha sauti. Alipoamua kubatizwa alituma habari kwa baba yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori la kabichi: asirudi.

Siku moja nilimuuliza kama alibatizwa kwa ajili ya Yesu au kwa ajili ya Mamdogo. Mtu mwingine angenipiga kofi. Yeye alinitazama sana.

"Mwanzoni nilisikia sauti tu," akasema. "Sikujua ni ya nani kati yao."

Sasa, mgeni hawezi kuoa msichana wa kwetu hivi hivi. Lazima kwanza awe na jina la ukoo, na jina hilo si la baba wa msichana, maana watakuwa ndugu. Anayempokea ni mume wa shangazi wa msichana. Huyo ndiye anayemfanya mwanawe, na arusi inafungwa kwa jina hilo. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kwa hiyo Mamdogo, akiwa msichana mbichi, akamwendea baba yake kabla ya Krismasi akamwambia, "Baba, Tukiran akibatizwa si apewe na jina? Asiwe mgeni tena." Akaishia hapo. Msichana hamwambii baba yake namtaka fulani. Anazunguka mbali, na baba mwenye masikio anaelewa kwamba inabidi atembee hadi kwa dada yake, ng'ambo ya kilima, akaombe jina la shemeji yake.

Babu ana masikio, ila yalikuwa yamejaa kitu kingine. Mungu alimpa mabinti wawili, mama yangu na Mamdogo, akafunga mkono. Mtu asiye na mtoto wa kiume huku kwetu anahurumiwa kwenye sherehe na kuchekwa kwenye kilabu cha tembo. "Mzee Mangatas, jina lako utamwachia nani? Mbwa wako?" Walimwambia hivyo mbele ya watu, akacheka nao, akaja kulala bila kula. Bibi ndiye aliyemsimulia mama yangu.

Krismasi hiyo Tukiran akabatizwa asubuhi. Mchana majirani walikusanyika uani kugawana nguruwe waliyemchangia, kama kila mwaka. Babu akasimama katikati ya mafungu ya nyama. Akavua shuka lake la kufumwa, ulos ya kurithi, akamfunika Tukiran mabegani.

"Watu wote sikieni," akasema. "Nimeombwa jina kwa ajili ya huyu, nami sikwenda kulitafuta mbali. Leo Mungu amenipa mtoto wa kiume. Huyu ni Nababan."

Vikongwe walilia. Wanaume wa ukoo walipiga makofi. Mamdogo alikuwa amebeba beseni la damu ya kupikia mchuzi. Aliliweka chini polepole, isimwagike, naye akapiga makofi.

"Nilimwona uso," Mama Roida aliniambia. "Nikasema, ah, moshi huo."

Na Tukiran? Alikuwa chini ya lile shuka, amemshika Babu mkono kwa mikono yake yote miwili. Asubuhi alikuwa hana mtu duniani, mchana ana baba. Alielewa mambo ya ukoo siku kadhaa baadaye, alipomwita Mamdogo kwa jina lake kisimani na wanawake wakamkemea, "Ee! Huyo ni dada yako sasa."

Lakini kulikuwa na kitu hakijakamilika. Jina la kupewa halithibiti mpaka ndugu za mke waje, wale karamu pamoja, kisha mkubwa wao amwekee mtoto mchele kichwani. Huo mchele ndio muhuri. Siku ile kaka za Bibi, akina Tampubolon, hawakuwepo, maana Babu alitenda kwa furaha ya ghafla. Akasema mwaka ujao tutawaita. Mwaka ujao barabara ikakatwa na maporomoko. Uliofuata Bibi akafa. Kisha kahawa ikashuka bei, kisha hiki, kisha kile. Kijiji hakikujali. Kilishamzoea Tukiran Nababan, na mimi nilipoletwa kulelewa hapa nikafundishwa kumwita Mjomba.

Wachumba walikuja kwa Mamdogo. Mwalimu mmoja mjane, karani mmoja wa kule mjini, na mwenye duka la mbolea aliyekuja mara mbili na keki. Aliwapikia wote kahawa nzuri akawarudisha walikotoka. Mama Roida hakumwacha.

"Saurma, unamngoja malaika Gabrieli?"

"Nikimwona nitamleta kwako kwanza, dada, nyumba yako inavuja."

"Cheka tu. Ua likikauka hata nyuki analikwepa."

"Basi nipumzike na nyuki."

Walicheka wote wawili. Mjomba Tukiran, aliyekuwa anarekebisha uzio upande wa pili, aliacha kugonga msumari mpaka Mama Roida alipoondoka.

Mwaka huu, mvua za Novemba zilipoanza, kifua cha Babu kilikataa kupona. Anakohoa mpaka vikombe vinalia kabatini. Jumapili moja baada ya ibada akatuita sote watatu.

"Krismasi hii namaliza deni langu kwa huyu mtoto," akasema. "Nimeshatuma neno kwa shemeji yangu Jahormat, kaka wa marehemu mama yenu. Atakuja na watu wake, na samaki, na mchele. Nikifa sitaki watu waulizane nani asimame mahali pa mwana, kichwani pa jeneza langu." Akamgeukia Tukiran. "Umekuwa mwanangu nusu muda mrefu mno. Umenivumilia."

"Hapana, Baba," Tukiran akasema. "Wewe ndiye..."

Mamdogo alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kutoa mawe. Kisha nikaona kwamba anatoa hata mchele mzima, anautupa.

Kesho yake kwenye kahawa nilimbana. Nilikuwa nimeshajua karibu yote, lililobaki nililitaka kwake. "Akishawekewa mchele, ndiyo basi?"

"Basi nini?"

"Mamdogo. Mimi si mtoto."

Ukungu ulikuwa mzito, namwona nusu tu. Mikono yake haikuacha kuchuma. "Sasa hivi ni ndugu wa mdomo," akasema. "Akishawekewa, ni ndugu wa kaburini. Hata kumuwaza ni dhambi."

"Mwambie Babu sasa."

"Nimwambie nini? Baba, mtoto wako mmoja wa kiume, nipe? Unamwona anavyokohoa?" Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Nimeomba miaka yote hii, Lasma. Zamani nilikuwa namwomba Mungu anipe. Siku hizi namwomba aninyamazishe tu."

Nikamwendea na Mjomba kwenye karakana. Alikuwa anapiga randa ubao wa jeneza la mtu wa kijiji cha pili. Hakukana wala hakujifanya haelewi.

"Nilishapoteza nyumba moja kwa kufungua mdomo," akasema. "Sasa niende kwa mzee aliyenipa ya pili, nimwambie jina lako limenibana, nivue? Kuna mtu anafanya hivyo?"

"Kwa hiyo unampenda lakini utakaa kimya."

Akapuliza vumbi kwenye ubao. "Mwambie mama yako mdogo," akaanza, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Usimwambie kitu."

Hakuna aliyesema. Mkesha wa Krismasi watoto walisoma aya zao kanisani, mmoja akasahau akalia, watu wakacheka kwa upole. Mamdogo alianzisha nyimbo kama kawaida, ila wimbo wa pili aliuanzisha juu mno na sote tukaachwa chini. Nguruwe alikuwa ameshachinjwa. Nyumba nzima ilinuka damu na ile pilipili ya msituni inayotia ganzi ulimi.

Siku yenyewe mvua haikukatika. Akina Tampubolon walifika baada ya ibada, wamejazana kwenye gari la mizigo chini ya turubai, na mzee Jahormat mbele amepakata sinia la samaki kama mtoto mchanga. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shemeji!" akamwambia Babu. "Umekonda. Unataka tukuzike leo leo tuokoe safari ya pili?"

"Kula kwanza. Maiti haipiki," Babu akajibu, wakakumbatiana, Babu akakohoa begani mwake.

Tulikula. Nyama ilikuwa yetu, samaki walikuwa wao, kama inavyopaswa. Watu wa ukoo wa Nababan walikaa kwenye mikeka upande wa ukuta, na Tukiran kati yao, karibu na Babu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Hakula kitu. Mamdogo na sisi wengine tulikuwa tunapita na masinia.

Walipokwisha kunawa mzee Jahormat akakaa sawa. Nyumba ikanyamaza, maana alikuwa anauliza lile swali linaloulizwa kila karamu. "Tumekula, tumeshiba. Sasa tuambieni wenyeji wetu, nyama hii laini na samaki hawa watamu, maana yake nini?"

Babu akasimama kwa kushika nguzo. Akaeleza. Alimsifu Tukiran kwa maneno ambayo sikujua Babu anayo: namna alivyombeba mgongoni Bibi kwenda zahanati, namna alivyokataa ujira. Akasema, "Mimi nilikuwa mti uliokatwa. Huyu ndiye chipukizi." Akaketi, machozi yanashuka wazi.

Mzee Jahormat akaitikia kwamba ni vyema. Akafungua kifuko cha mchele. Tukiran akasogea akapiga magoti mbele yake, kichwa chini. Mkono wa mzee ukaingia kifukoni ukatoka umejaa.

"Mjomba, usiweke."

Niliangalia huku na huku kutafuta nani amesema. Mamdogo alikuwa amepiga magoti pembeni ya Tukiran, beseni la kunawia bado mikononi.

"Nini?" mzee Jahormat akauliza. "Mvua inapiga kelele, sema tena."

"Usiweke mchele, Mjomba. Ukiweka, mimi sitakuwa na mume."

Mwanamke haongei katika mambo hayo. Lakini mpwa kwa mjomba wake ana haki ya kuomba hata jino lake, na mzee Jahormat alilijua hilo. Akabaki na ngumi ya mchele hewani. Mmoja wa Nababan akasema, "Mtoeni huyu nje, amechoka." Mzee Jahormat akamkata, "Kaa chini wewe. Ni damu yangu inayosema."

Babu alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Saurma. Unasema nini mbele za watu?"

"Nilikuomba jina, Baba. Sikukuomba kaka."

Niliona neno lile linavyomwingia Babu. Lilichukua muda. Lilipita machoni, likashuka, mabega yakalipokea.

"Ulitaka niende kwa dada yangu," Babu akasema polepole.

"Ndiyo."

"Siku zote hizi. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Sijawahi kukuona umefurahi vile. Mpaka leo sijakuona tena."

Mzee Jahormat akamtazama Tukiran, ambaye hajainua kichwa. "Na wewe? Bubu?"

"Mimi nitakuwa vile Baba atakavyo."

"Hilo si jibu, huko ni kujificha chungu kikivunjika! Binti kavua aibu yake yote hapa, wewe unanitolea adabu. Unamtaka au humtaka?"

Tukiran akainua uso. Ulikuwa umelowa. "Namtaka tangu kabla sijajua sala zenu," akasema. Kisha akageuka, si kwangu, si kwa mtu mwingine, akasema, "Saurma, namtaka na baba pia. Nisamehe. Sikujua jinsi ya kuwa na mmoja tu."

Mama Roida, aliyekuwa mlangoni na sufuria, akasema "Yesu wangu" kwa sauti, mtu akamnyamazisha.

Wazee wakaanza kuvutana. Watu wa Nababan walisema jina lilishatamkwa, kijiji kilishasikia, mate hayarudi mdomoni. Ni aibu. Mzee Jahormat akasema yeye hakuwepo siku ile, hakula, hakuweka kitu, kwa hiyo kwake yeye Tukiran bado ni mtoto wa watu, na kama kuna mwenye kubisha aje abishe na mkono huu. Bado alikuwa ameukunja. Ila akaongeza, kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia, "Lakini mwenye kuamua si mimi. Shemeji, ni wewe. Ukisema niweke, naweka, na mpwa wangu nitaondoka naye nimfute machozi kwangu."

Watu wote wakamtazama Babu. Babu alikuwa anamtazama Tukiran. Kikohozi kikamjia, kikakaa, tukangoja kipite. Nilitaka aseme haraka na nilitaka asiseme kabisa.

"Rudisha mchele," akasema.

Mzee Jahormat akafungua ngumi juu ya kifuko. Punje zilikuwa zimemganda kiganjani, akawa anazikung'uta moja moja.

"Kesho nitakwenda ng'ambo ya kilima," Babu akaendelea, "kwa dada yangu. Nimwombe mume wake ampokee huyu awe Panjaitan. Nilipaswa kwenda zamani." Akamgusa Tukiran kichwani pale ambapo mchele ungekaa. "Inuka. Utachafua shati."

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alikuwa anajua hesabu ya jambo lile. Babu amerudi kuwa mtu wa mabinti. Siku ya kuzikwa kwake, mahali pa mtoto wa kiume patakuwa wazi, na watapaona. Mzee mmoja wa Nababan, yule aliyetaka Mamdogo atolewe, akaguna kwenye kona yake.

"Haya. Kama ni mkwe, mbona amekaa na sisi? Vyombo vinamngoja."

Alisema kwa uchungu, lakini ni kweli, maana kwetu mkwe ndiye mtumishi wa karamu: wakwe wanapika, wanapakua, wanaosha, na watu wa ukoo wanakaa. Mzee Jahormat akapasuka kicheko, na wengine wakafuata kwa kusitasita. Tukiran akasimama. Akakusanya sahani zilizokuwa mbele ya Babu, akapangusa mkeka pale alipokuwa amekaa mwenyewe, akatoka nazo mvuani kwenda jiko la nje. Mamdogo akachukua beseni lake akamfuata.

Niliobaki nao ndani waliongea bei ya kahawa. Babu alikuwa anatazama mlangoni. Upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja hadi kwake, hakuna mtu wa kuukinga upande ule alipokuwa amekaa Tukiran. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya masufuria, kisha Tukiran akasema kitu ambacho sikukipata, kisha Mamdogo akacheka. Sikuwa najua anacheka namna gani akicheka kweli. Ni kicheko kibaya, kinakwama puani kama cha mtoto.

Nikainuka kwenda kufunga mlango kwa sababu ya kile kifua.

"Acha wazi," Babu akasema.

Nikaacha. Mvua ikawa inarushwa mpaka kwenye mikeka, naye akaendelea kukohoa.